Mkaa wa Mifupa

"Mama, fungua mdomo kidogo. Meno yaonekane," alisema Stanley.

Elinipa alifungua mdomo. Tangu usichana wake alikuwa amejifunza kucheka kiganja kikiwa mdomoni, kama wanawake wengi wa Kikwe, na sasa kijana wa mjini mwenye kamera ya bei mbaya alikuwa akimtaka akiondoe kiganja hicho mbele ya majirani waliojipanga nje ya uzio. Meno yake yalikuwa ya kahawia, yenye mistari iliyokolea karibu na ufizi. Stanley alipiga picha, akaomba nyingine, mdomo wazi zaidi, kisha akamgeukia Sadoki, mumewe Elinipa, akamwomba apandishe suruali hadi juu ya magoti ili miguu yake iliyopinda nayo ionekane. Sadoki alipandisha. Alicheka kidogo, cheko la mtu asiyejua aiweke wapi mikono yake, na Elinipa akaona aibu kwa ajili ya mumewe kuliko aliyoiona kwa ajili yake mwenyewe.

Stanley hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa masoko wa kampuni moja ya Arusha inayotengeneza ndoo za kuchujia maji, na picha hizo zilikuwa za "kabla". Za "baada" zingepigwa siku ya uzinduzi. Kando yake alisimama Daktari Skolastika, mhadhiri wa chuo kikuu, mwanamke mpole mwenye viatu vya kuogopa tope. Chuo kilikuwa na ujuzi na kampuni ilikuwa na ndoo, basi vikaingia ubia na kutia saini mbele ya waandishi wa habari. Kilichokosekana kilikuwa mifupa, na hapo ndipo nyumba ya Sadoki ilipopata nafasi yake katika ushirikiano huo mkubwa.

Maji ya Kikwe, ya mfereji na ya kisima, yana floraidi inayoharibu meno na kupinda mifupa. Dawa yake ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa ikichomwa ndani ya tanuru lililozibwa vizuri hugeuka myeusi, nayo ikipondwa na kuwekwa ndani ya ndoo hunyonya ubaya wote wa maji. Ndoo zenyewe zilikuwa mbili zilizopandana: ya juu ina mkaa, ya chini inapokea maji yanayodondoka. Sadoki alitafuta mifupa mabuchani. Elinipa aliichoma nyuma ya nyumba, akaiponda na kuichekecha. Walilipwa, ingawa malipo yenyewe yalikuwa ya kushukuru Mungu na kunyamaza.

Elinipa hakufanya kazi ile kwa ajili ya malipo. Binti yao Angel alikuwa na miaka minne, na magoti yake yalikuwa yameanza kuachana. Kila alfajiri mtoto aliamka akilia, ameyakumbatia. Skolastika alikuwa amemkalisha Elinipa chini na kumweleza polepole kwamba mifupa ya mtoto, pamoja na meno yake ya ukubwani, inajengwa sasa, kwa maji anayokunywa sasa. Akipata maji safi kwa miaka hii michache, atasimama wima kama watu wengine. Tangu ndoo ya kwanza iingie nyumbani, kilio cha alfajiri kilikuwa kimekoma. Kwa ajili ya hilo Elinipa angekubali kufunguliwa mdomo hata barabarani.

* * *

Uzinduzi ulipokaribia, kampuni ilitaka kila nyumba ya kitongoji iwe na ndoo kabla mgeni rasmi hajafika. Shida ikawa mifupa. Mabucha ya Kwa Mrombo yalikuwa yameanza kuwauzia watu wa chakula cha kuku, wanaolipa papo hapo na hawahubiri habari za maendeleo. Sadoki alirudi na guta lake la mizigo likiwa tupu, akarudi tena na guta tupu. Stanley alipiga simu kila siku kumsihi asimwangushe, na kila simu ilizidi kidogo ukali.

Adhuhuri moja Sadoki alirudi na magunia yaliyojaa. Mifupa ilikuwa mikavu, myeupe, haina mafuta wala uvundo. Alikuwa ameshuka mpaka kule chini nyikani, Wamasai wanakochungia, ambako mvua kubwa zilikuwa zimemega ukingo wa korongo na kuacha mawe na mifupa vimelala pamoja kwenye mchanga.

"Ni ng'ombe wa ule ukame," alisema, akijifuta jasho kwa fulana. "Mungu ameona shida yetu, Mama Angel."

Usifanye haraka kumlaumu. Sadoki ni Mmeru, Mlutheri mtoto wa Mlutheri. Kwao mtu hulazwa shambani mwake, katikati ya migomba, kaburi likapigwa lipu na kuandikwa jina, tarehe na mstari wa Zaburi. Tangu azaliwe hajawahi kuona mtu wa kwao amelazwa kwingine. Mfupa uliolala wazi korongoni, kwa akili yake na kwa akili ya ukoo wake wote, ni mfupa wa mnyama. Elinipa naye hakuuliza. Mifupa ilikuwa imevunjikavunjika kwa kubingirishwa na maji, na yeye alikuwa na haraka.

Siku nyingine zote tanuru lilipowashwa majirani walilalamika harufu, na mbwa wa kitongoji kizima walikuja kugombana uzioni. Safari hii moshi haukunuka kitu. Haukupanda juu pia. Ulitambaa chini chini, ukaizunguka nyumba, ukaingia kwa mlango wa mbele. Mbwa walikuja kama kawaida, lakini walilala ng'ambo ya barabara, videvu vyao vimegusa vumbi, wakitazama tanuru bila kubweka. Elinipa aliwarushia kijiti, na hakuna aliyetikisika. Alijiambia ni uchovu wake tu.

Mkaa ulipondeka kwa urahisi. Pikapu ya kampuni ilikuja, ndoo zikajazwa na kugawiwa nyumba kwa nyumba, na Elinipa akabadilisha mkaa wa ndoo yake mwenyewe.

Baada ya hapo nyumba ikawa na tabia mpya. Maji yalidondoka kutoka ndoo ya juu kwenda ya chini kama siku zote, lakini watu walipoanza kuongea, yalinyamaza. Wakinyamaza, yaliendelea. Sadoki alisema tundu limeziba nusu. Akalizibua, na mambo yakabaki yaleyale. Angel alianza kuacha michezo yake mchana na kwenda kukaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye ndoo, ametulia kama mtoto aliyeegemea mguu wa babu yake. Ukimuuliza anafanya nini, alisema anapumzika.

Siku Elinipa alipoyakung'uta magunia ili ayafue, kitu kidogo kilianguka kwenye beseni kikalia. Alikiokota. Lilikuwa jino, jino la mtu, refu la mzizi, la kahawia, lenye mistari iliyokolea karibu na pale ulipokuwa ufizi.

Alikwenda nalo ndani kwenye kioo. Alifungua mdomo mwenyewe, bila kuombwa na mtu, akaliweka lile jino kando ya meno yake. Rangi ilikuwa moja. Aliyekuwa na jino lile alikunywa maji yaleyale aliyokunywa yeye. Elinipa alikaa kitandani. Kule sebuleni, maji ya kwenye ndoo yalikuwa yamenyamaza.

* * *

Sadoki alisema ni la mbuzi. Akasema ni la nyani. Alipokosa mnyama mwingine wa kulibandika aliuliza kwa sauti ndogo kama mkaa wote umekwisha kugawiwa. Alijua umegawiwa. Yeye ndiye aliyeupakia.

Walimwita Daktari Skolastika, akaja peke yake, bila gari la chuo. Aliligeuza jino kiganjani muda mrefu.

"Ni la mtu mzima," alisema. Kisha akauliza, "Nani mwingine ameliona?"

Kwa swali hilo Elinipa akajua kwamba hakuna msaada utakaotoka upande ule. Skolastika alieleza kwamba moto ule haubakizi ugonjwa wala uchafu, kwamba mfupa ni mfupa, wa ng'ombe na wa binadamu umejengwa kwa vitu vilevile, na kwamba kisayansi maji yale ni safi kuliko yoyote yaliyowahi kunywewa Kikwe. Aliyasema yote hayo huku akitazama sakafu. Yeye ni Mkatoliki wa Rombo, baba yake amelala kwenye kihamba chao, shamba la ukoo, na kila Desemba huenda kupalilia maua ya kaburi lake.

"Na yasiyo ya kisayansi, Daktari?" aliuliza Elinipa.

Skolastika alitoa simu yake. Alimpigia Stanley, akaiweka sauti nje ili wote wasikie. Stanley alisema kwamba kwa mujibu wa makubaliano suala la malighafi liko chini ya utafiti, yaani chuo. Skolastika alisema kwamba kwa mujibu wa makubaliano hayohayo uzalishaji uko chini ya kampuni. Walivutana hivyo kwa adabu, kila mmoja akimwita mwenzake "ndugu yangu", mpaka wakaafikiana kwamba jambo lenyewe lisubiri uzinduzi upite. Husemwa fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawa hawakupigana hata kidogo, walipatana vizuri kabisa, na nyasi zikaumia vilevile.

Kabla ya kuondoka Skolastika alinyoosha mkono, akasema afadhali jino likae maabara. Elinipa alilifumbata.

"Hili silitoi," alisema.

Mhadhiri hakubishana naye. Mlangoni aligeuka, machozi yakimlengalenga, akamwambia jambo ambalo lilikuwa kweli na ndilo lililouma: majirani wakisikia, ndoo zote zitavunjwa siku hiyohiyo, na hakuna mfadhili atakayerudi Kikwe. Elinipa alimtazama Angel aliyekuwa akikimbia uani, akikimbia kweli, na akanyamaza. Alijichukia kwa kunyamaza kule, na bado alinyamaza.

* * *

Asubuhi iliyofuata alifunga jino kwenye kona ya khanga akashuka korongoni. Hakumwambia Sadoki. Alifikiri angelifukia tu, asali, arudi.

Pale ukingo ulipomegeka palikuwa na mawe mengi kuliko mto unavyoweza kuleta, mawe ya ukubwa wa ngumi, mengine yamelainika kwa kushikwa. Bibi mmoja wa Kimasai alikuwa ameinama akiyakusanya na kuyarudisha juu ya ukingo, moja moja. Mbuzi wake walisimama mbali. Elinipa alimfahamu kwa sura, alikuwa akiuza maziwa Kikwe zamani. Jina lake lilikuwa Nanyori.

"Shikamoo, Koko," alisema, kama Wamasai wanavyomwita bibi.

"Marahaba." Hakuinuka. "Wewe ni mke wa yule mwenye guta."

Basi alikuwa anajua. Elinipa alipiga magoti palepale mchangani, akaufungua ule mfundo wa khanga. Nanyori alilichukua jino, akalitazama, na uso wake haukubadilika.

Alisema ni la baba yake. Alikuwa mtu mkubwa, si mtu wa kuachwa porini, kwa hiyo walimlaza chini na kumfunika kwa mawe, na kila aliyepita aliongeza jiwe lake. Mwisho wa maisha yake alikuwa hawezi kusimama. Miguu ilikuwa imepinda kama upinde, na walimbeba mpaka mtoni anywe, wasijue kwamba mto ndio uliompinda.

"Mmemweka wapi?" aliuliza.

Elinipa alisema ukweli. Alimweleza kuhusu tanuru, kinu, ndoo, nyumba zote. Alisema hawakujua. Alisema ana mtoto. Maneno yalimtoka ovyo, na alipomaliza Nanyori alikuwa bado akimsubiri, kana kwamba hajasikia jibu.

"Kwenye ndoo," alisema Elinipa tena.

"Basi yuko kwako," alisema Nanyori. Aliweka jino kifuani, ndani ya shuka, akachukua fimbo yake, akawaendea mbuzi.

* * *

Jiwe la kwanza Elinipa alilikuta alipokuwa akifagia, chini ya ukuta, upande wa nje, sawasawa na pale ndoo ilipokaa ndani. Alilitupa. Kesho yake yalikuwa mengi. Watu wa nyikani waliokuwa wakipanda kwenda mnadani waliinama walipofika pale, wakaweka jiwe, wakaendelea na safari bila kutazama ndani. Sadoki alimsimamisha kijana mmoja akamuuliza anaweka nini. Kijana akajibu kwa heshima zote kwamba ni jiwe, akamwamkia, akaenda zake.

Majirani walianza kuuliza. Elinipa aliwaambia ni mila za Wamasai, nao wakaridhika, maana mila za jirani ni jibu la kila kitu.

Stanley aliyakuta mawe siku moja kabla ya uzinduzi akataka yaondolewe, yanaharibu mandhari. Sadoki aliyabeba kwa toroli akayamwaga mtoni, akienda na kurudi kwa miguu yake ile mibovu. Asubuhi ya uzinduzi yalikuwepo tena, na zaidi. Magari ya wageni yalikuwa yameshafika Usa River. Stanley, jasho likimtoka, aliamuru bango kubwa la kampuni litundikwe mbele ya lile rundo, na hivyo ndivyo Elinipa alivyojiona kwa mara ya kwanza: mdomo wake wazi, mkubwa kuliko mlango wa nyumba, meno ya kahawia kila moja ukubwa wa tofali, na chini yake neno KABLA. Nyuma ya mdomo ule yalilala mawe. Majirani walicheka kidogo, kisha wakaacha.

Mkuu wa chuo alisifu kampuni. Mkurugenzi wa kampuni alisifu chuo. Kwaya ya usharika iliimba. Halafu Angel aliitwa mbele, gauni jeupe, ili anywe maji mbele ya kamera. Mtoto alipokea glasi kwa mikono miwili. Kabla ya kunywa aliinamisha glasi akamwaga maji kidogo ardhini, kushoto, kisha kulia, taratibu, bila kutetemeka.

Watu walidhani yamemponyoka. Stanley alimjazia glasi akaomba arudie. Angel alimwaga tena, kushoto na kulia, ndipo akanywa. Hakuna aliyewahi kumfundisha hivyo, si nyumbani wala shule ya Jumapili. Wageni walipiga makofi. Elinipa alimtafuta Skolastika kwa macho, akamkuta ameinamia simu yake, akiandika.

Mkurugenzi naye alikunywa, glasi nzima, akasema hajapata kunywa maji matamu kama yale.

* * *

Baada ya uzinduzi Stanley hakupokea simu tena. Kampuni ilikuwa imepata picha zake na ikaanza kuuza ndoo mjini, zenye vichujio vya kutoka nje. Skolastika alipokea mara moja. Alisema awamu ya kwanza imekamilika na wanatafuta mfadhili wa awamu ya pili, kisha akaomba msamaha, kisha akakata. Kuhusu mkaa alimwachia Elinipa ushauri mmoja: ukitumika kwa maji ya mtoto peke yake, utafika mbali.

Basi Elinipa na Sadoki walirudi kunywa maji ya mfereji, na ya ndoo yakawa ya Angel tu. Kwa majirani mambo yalikwenda kama yanavyokwenda kila mahali. Mradi ulipoondoka, ndoo zikageuka za kuhifadhia unga na maharage, maana zilikuwa ndoo imara zenye vifuniko. Mkaa ulimwagwa kando ya jalala. Elinipa alipouona ule wa kwanza umemwagwa moyo ulimlipuka. Alipita nyumba kwa nyumba na gunia, akiomba apewe mkaa wao kama hawautaki. Aliona haya kuomba, na majirani walimpa kwa cheko la kumhurumia. Walimwuliza unamfaa nini. Alisema ni kwa ajili ya mtoto. Uliokwisha kumwagwa aliuokota kwa mkono, chembe kwa chembe, kutoka kwenye nyasi.

Alipomaliza nyumba ya mwisho, gunia alilisimamisha sebuleni kando ya ndoo. Mchana ule maji hayakudondoka kabisa, ingawa hakuna aliyekuwa akiongea. Sadoki alikaa kwenye kochi akitazama gunia, na Elinipa akaona kwamba mumewe anaogopa kama yeye.

"Umeleta wote?" aliuliza Sadoki.

"Wote."

Nje, mbuzi walilia. Nanyori alikuwa amesimama mlangoni, amebeba shuka jipya lililokunjwa, akamwacha Elinipa amwamkie na kumkaribisha kwa mujibu wa adabu. Aliingia, akakaa kwenye kigoda, si kwenye kochi. Chai hakuigusa.

"Nilisubiri awe mahali pamoja," alisema. "Umemkusanya vizuri. Nimekuja kumchukua."

Kumbe hata kule kuomba kwake, ile haya yote, alikuwa akimfanyia kazi mwingine. Elinipa alishika mdomo wa gunia kwa mikono miwili. Alimwambia bibi achukue kitu kingine. Alitaja mbuzi wao, alitaja kipande cha shamba cha chini, na Sadoki hakumkatiza. Alisema miaka michache tu, Koko, mpaka mifupa ya mtoto ikomae, kisha nitamrudisha mwenyewe mgongoni. Alilia alipoyasema hayo, na hakuuficha mdomo wake kwa kiganja.

Nanyori alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mtoto aje."

Angel hakuitwa mara mbili. Alitoka chumbani, akaenda moja kwa moja mpaka kwa bibi asiyemjua, akainamisha kichwa mbele yake kama wanavyofanya watoto wa Kimasai kwa wazee wao. Nanyori aliweka kiganja utosini, akakiacha hapo. Halafu alishuka kwa vidole: shingo, mabega, uti wa mgongo, nyonga, magoti, miundi. Aliminya kila mfupa taratibu, macho ameyafumba.

"Yanauma?"

"Hayaumi," alisema Angel.

"Zamani?"

"Zamani yaliuma sana."

Bibi alibaki ameshika muundi wa mtoto kwa muda mrefu. Alipofumbua macho yalikuwa na machozi, na ilikuwa mara ya kwanza uso wake kubadilika.

"Simchukui," alisema. "Nimechelewa. Ameshaingia humu." Aligonga mguu wa Angel kwa kidole, kidogo, kama mtu anayebisha hodi. "Mpeni wote, asibaki hata kidogo. Lakini nisikilize, mama. Kitu unaweza kukirudisha, mtu huwezi. Huyu mtoto atakua, ataolewa, atazeeka. Mimi sitakuwepo, na nyie hamtakuwepo. Siku yake ikifika asilazwe kwenye migomba yenu. Aletwe korongoni. Mifupa hii ni yetu."

Sadoki alisimama, akatazama upande wa migomba. Kule nyuma ya nyumba walilala baba yake na mama yake, na kando yao kulikuwa na nafasi aliyoipima mwenyewe: ya kwake, ya mkewe, na ya mtoto kama Mungu hatampa ukoo mwingine. Elinipa naye aliiona nafasi ile. Aliona migomba, aliona yeye na mumewe wamelala pale miaka na miaka, na upande wa mtoto wao hakuna mtu.

"Tutamleta," alisema Elinipa.

"Sema mbele yake."

Elinipa alimgeukia binti yake aliyekuwa amesimama wima, magoti pamoja, katikati ya magoti ya yule bibi. Alimwambia kwamba siku moja, mbali sana, atakapokuwa bibi kizee, atapelekwa kulala kwa watu wa Koko. Angel aliitikia kwa kichwa, bila mshangao wowote, kama mtu anayekumbushwa jambo alilokwisha kuambiwa.

"Nina kiu," alisema.

Maji yalianza kudondoka. Elinipa alichukua kikombe, akafungua koki, akampa mwanawe, na mwanawe akampita mama yake, akaenda kunywea mapajani mwa Nanyori.